Kiputo, Farasi na Machozi: Historia ya Filamu Iliyomtoa Mgonjwa Nje kwa Nguvu

Usiku wa Ijumaa, tarehe 12 Novemba 1976, shirika la televisheni la ABC la Marekani lilirusha filamu iitwayo The Boy in the Plastic Bubble, yaani mvulana ndani ya kiputo cha plastiki. Mwelekezi wake alikuwa Randal Kleiser, mswada uliandikwa na Douglas Day Stewart, na watayarishaji walikuwa Aaron Spelling na Leonard Goldberg, walewale ambao msimu huohuo waliwaletea Wamarekani mfululizo wa Charlie's Angels. Mhusika mkuu, Tod Lubitch, aliigizwa na John Travolta, kijana wa miaka 22 aliyekwisha kuwa kipenzi cha vijana kwa mchezo wa vichekesho wa Welcome Back, Kotter. Kwa hiyo kabla hata ya tukio la kwanza kuonyeshwa, mambo mawili yalikuwa yamekwisha amuliwa: mgonjwa atakuwa mzuri wa sura, na atapendwa.

Makala haya yanahusu filamu hiyo na sababu za mimi kuona kwamba imetuangusha. Niseme mapema, ili tusipoteze muda kwenye semina, kwamba siilaumu kwa kuwa inaliza. Kuliza watu si kosa la kifani. Bibi zetu waliliza watu kwa hadithi wakati hata redio haijafika kijijini, na hakuna aliyewaita wadhaifu. Ninachouliza ni hiki: machozi hayo yanalipwa na nani? Maana hapa kuna mgonjwa wa kubuni na kuna wagonjwa wa kweli, na historia ya filamu hii ni historia ya jinsi yule wa kubuni alivyowapora hawa wa kweli maisha yao, kisha akapanda farasi akaondoka.

Tuanze na hao wa kweli.

David Vetter alizaliwa Houston, Texas, tarehe 21 Septemba 1971. Wazazi wake walikuwa wamekwisha mzika mtoto wa kiume aliyefariki akiwa na umri wa miezi saba, kwa ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtoto azaliwe bila kinga ya mwili. Ugonjwa huo hupita kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Madaktari waliwaambia wazazi kwamba mtoto mwingine wa kiume angekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Mimba ikaendelea, na mipango ikafanywa. Mtoto alipozaliwa aliwekwa ndani ya kizimba cha plastiki kisicho na vijidudu kabla hata sekunde nyingi hazijapita. Matumaini yalikuwa kwamba dada yake, Katherine, angeweza kumpa uboho wa mifupa. Ikaonekana uboho wa dada haulingani na wake. Basi kile kizimba kilichokusudiwa kuwa mahali pa kusubiri kikawa nyumba.

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu kwa mwanafasihi, kama nitaruhusiwa kulitumia neno hilo kwa jambo chungu. Kila kilichoingia kwa David, yaani maji, chakula, nepi, nguo, vitabu, kilipitishwa kwanza kwenye chemba ya gesi ya ethilini oksaidi kwa saa nne, kwenye joto la nyuzi 60, halafu kikaachwa kipungwe gesi hiyo kwa muda wa siku moja hadi saba. Mtoto akitaka mwanasesere leo, ataupata keshokutwa au wiki ijayo. Mashine za kusukuma hewa zilivuma mchana na usiku, hata mazungumzo yakawa kazi. Aliguswa kwa glavu nzito zilizopachikwa kwenye kuta za plastiki. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi aligundua kwamba anaweza kutoboa kizimba chake kwa sindano iliyosahauliwa ndani, na hapo ndipo watu wazima walipolazimika kumweleza vijidudu ni nini na kwa nini yeye yumo humo.

Ebu fikirini tukio hilo kama waandishi. Mtoto wa miaka minne ana sindano mkononi, na ukuta anaoutoboa ndio uhai wake. Hajui. Hakuna muziki. Mwandishi gani angeliacha?

Mgonjwa wa pili alikuwa Ted DeVita, mtoto wa daktari wa saratani, Vincent DeVita. Yeye hakuzaliwa bila kinga. Alipata ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu, na mwaka 1972 akaingizwa katika chumba maalumu kwenye hospitali ya taasisi za afya za serikali kule Bethesda, Maryland. Aliishi humo miaka minane hivi. Alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 17, na kilichomuua si vijidudu vilivyokuwa vikizuiliwa mlangoni bali madini ya chuma yaliyorundikana mwilini kutokana na damu aliyoongezewa mara kwa mara. Yaani dawa iliyomweka hai ndiyo iliyomchosha moyo. Dada yake baadaye aliandika kitabu juu ya chumba hicho kilichobaki kitupu.

Filamu iliwachanganya wawili hawa ikapata Tod: umri wa ujana kama wa Ted, maradhi ya kuzaliwa nayo kama ya David, na uso wa Travolta. Wakati huo, Novemba 1976, David alikuwa na miaka mitano na Ted alikuwa bado chumbani kwake. Wote wawili walikuwa hai. Naomba msomaji aushike mwaka huo vizuri, maana hoja yangu yote imefungwa hapo.

Hadithi yenyewe ni fupi. Tod anatolewa hospitali na kuletwa nyumbani, kizimba na vyote. Jirani yao ni msichana, Gina, aliyeigizwa na Glynnis O'Connor, ambaye wao wana farasi. Tod anampenda kupitia dirishani. Kuna tukio moja zuri kweli, na haki yake tuipe: kwenye mandari ya ufukweni, Gina anaushika mkono wa Tod kupitia plastiki, Tod anadhani ni mapenzi, kumbe msichana amewekeana dau na wenzake. Dakika hizo chache zina ukweli kuliko filamu nzima iliyobaki. Mgonjwa amegeuzwa mchezo wa wazima, na anatambua. Baadaye anapata vazi la mwanaanga la kuendea shuleni (na Buzz Aldrin, yule yule aliyetembea mwezini mwaka 1969, anajitokeza kama yeye mwenyewe). Mwishoni daktari anamwambia kwamba huenda mwili wake umejenga kinga kiasi fulani, labda, hakuna hakika. Asubuhi Tod anatoka nje bila vazi, anaenda kwa Gina, wanapanda farasi, wanaondoka. Wimbo unaimbwa. Mwisho.

Tulifundishwa kwamba kilele cha kazi kichipuke kutoka kwenye mgogoro wake. Hapa mgogoro ni mwili usio na kinga. Huo mwili umefanya nini cha kutuandaa kwa asubuhi ile? Hakuna. Sentensi moja ya daktari imebandikwa mwishoni kama kiraka cha shati. Na vazi lile! Tod analivaa, anatembea nalo katika vumbi la shule, kisha anarudi nalo hadi kizimbani kana kwamba vijidudu vinapiga hodi na kungoja jibu. Sasa linganisha na vazi la kweli. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilimtengenezea David vazi mwaka 1977, na mama yake alimkumbatia mikononi kwa mara ya kwanza tarehe 29 Julai mwaka huo. Ili avae, David alitambaa kwenye bomba la kitambaa lenye urefu wa mita mbili na nusu hivi lililounganisha kizimba na vazi, kwa sababu hewa ya nje haikutakiwa kumgusa hata wakati wa kuvaa. Alilivaa mara saba tu, akakua, likambana. Lile la pili, kubwa zaidi, hakuwahi kulivaa.

Mara saba. Ukinipa nafasi ya kuandika tamthilia juu ya mtoto huyu, ningeandika juu ya ile mara ya saba, au juu ya lile vazi la pili linaloning'inia.

Najua nitajibiwa. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu amekwisha nijibu, tena kwa sauti kubwa mkahawani: "Dada, wewe unataka afe tu! Kezilahabi kamuua Rosa, kamuua Kazimoto, hebu niambie nani kapona?" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana kasema vizuri. Lakini swali lake halihusu. Kifo si kipimo cha ukweli. Katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) wahusika wanafika kwenye kujiua kwa njia tunayoweza kuirudia nyuma hatua kwa hatua, tukabishana nayo, tukamlaumu mwandishi kwa kukata tamaa. Wahakiki wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Kwa Tod hatuwezi hata kubishana, kwa sababu hatukupewa hatua.

Tena, televisheni ya Marekani ilikuwa imekwisha ua wagonjwa wake kwa faida kubwa. Tarehe 30 Novemba 1971, ABC hiyohiyo ilionyesha Brian's Song, filamu juu ya Brian Piccolo, mchezaji wa timu ya Chicago Bears aliyefariki kwa saratani mwezi Juni 1970 akiwa na miaka 26, na urafiki wake na mchezaji mwenzake mweusi, Gale Sayers. James Caan na Billy Dee Williams waliigiza. Nchi ikalia. Wiki tatu baadaye, tarehe 23 Desemba 1971, Rais Nixon alitia sahihi sheria ya kupambana na saratani. Sisemi kwamba filamu ilileta sheria. Nasema tu kwamba hali ya hewa ilikuwa moja, na kwamba mwaka mmoja kabla, filamu ya sinema ya Love Story (1970) ilikuwa imekwisha wafundisha wafanyabiashara kwamba msichana mgonjwa, mzuri, asiye na kikohozi wala jasho, huuza tiketi.

Mfano wenyewe una umri mkubwa kuliko televisheni. Alexandre Dumas mwana alimwandika mwanamke wa maua ya kamelia mwaka 1848, Verdi akamwimbisha kwenye La Traviata mwaka 1853, na kifua kikuu kikawa ugonjwa wa watu wenye mapenzi makali na ngozi nyeupe ya kupendeza. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba ni kidudu tu, kinachomwingia mshairi na mchukuzi sawasawa, fasihi haikufurahi sana. Susan Sontag aliyaeleza haya kwenye Illness as Metaphor mwaka 1978, miaka miwili baada ya farasi wa Tod, naye alikuwa ametoka kutibiwa saratani ya matiti. Hoja yake inayonigusa ni ile ya kwamba tukiugeuza ugonjwa kuwa fumbo la tabia, tunamtwika mgonjwa hatia: ameugua kwa kuwa alijibana, na hajapona kwa kuwa hakutaka vya kutosha.

Na hapo ndipo filamu hii inaponikera zaidi ya ubovu wa msuko wake. Itazameni tena asubuhi ile. Tod anatoka kwa nini? Kwa sababu ameamua. Uamuzi ndio dawa. Filamu haisemi kama aliishi au alikufa baadaye, na wapo watakaoniambia huo ni mwisho ulioachwa wazi kwa makusudi. Sikubali. Jua linavyowaka, muziki unavyopanda, farasi anavyotembea, vyote vinasema ameshinda. Kamera imekwisha jibu swali ambalo mswada umejifanya kuliacha. Na kama kushinda ni kutoka, basi aliyebaki ndani ni nani? Ni mwoga? Ted DeVita alikuwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne usiku ule. Angeelewaje?

Nina mdogo wangu wa kiume mwenye selimundu. Ana miaka kumi na minne sasa. Anakunywa vidonge vyake kila siku, havai nguo nyepesi msimu wa baridi, hachezi mpira mpaka achoke, na bado mara kadhaa kwa mwaka mifupa inamkamata usiku, tunakaa naye mpaka asubuhi. Majirani wema, watu wanaotuletea uji, humwambia: "Jikaze baba, wewe mwanaume." Falsafa ya Tod ndiyo hiyo hiyo ya jikaze, isipokuwa imepigwa picha vizuri. Niliitazama filamu naye likizo iliyopita kwenye simu yangu. Ilipofika kwenye farasi hakulia wala hakucheka. Aliniuliza, "Dada, sasa dawa zake kabeba nani?"

Sijasoma uhakiki wa filamu hii unaolizidi swali hilo. Ugonjwa wa muda mrefu ni vitu vya kubebwa. Ni chupa, ni kadi ya kliniki, ni kujua nauli ya kurudi, ni nani atalala chini na nani juu ya kitanda. David alikuwa na chemba ya gesi na saa nne. Mdogo wangu ana kopo la vidonge na sweta. Sanaa ikiviondoa vitu hivyo ili kutupatia hisia safi, imeondoa ugonjwa wenyewe na kutuachia mtu mzuri aliye nyuma ya plastiki.

Hata hivyo nikiwa mkweli kwa historia, watengenezaji walikuwa kwenye mtego ambao siuoni ukitajwa. David alikuwa hai, ana miaka mitano, na wazazi wake wana televisheni. Kumuua Tod mbele ya nchi nzima kungekuwa sawa na kumsomea mtoto wa watu hitima angali anacheza. Kumbakiza ndani milele, pengine vilevile. Naelewa kwa nini walikimbilia farasi. Lakini haikuwa lazima njia ziwe mbili tu. Mwaka 1985, tarehe 11 Novemba, NBC ilionyesha An Early Frost, juu ya mwanasheria kijana, Michael Pierson, anayerudi kwa wazazi wake kuwaambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba ana UKIMWI, na kwamba anapenda wanaume. Mwigizaji mwenzao Rock Hudson alikuwa amefariki kwa ugonjwa huohuo mwezi mmoja kabla, na nchi ilikuwa imejaa hofu. Filamu ile nayo ina machozi, ina mama, ina muziki. Lakini Michael hafi mwishoni, wala haponi. Anaendelea kuugua, na familia inaendelea kujifunza kukaa naye meza moja. Ni televisheni ileile, matangazo ya sabuni yaleyale katikati, na bado iliwezekana. Sisi tuliopitishwa kwenye Kilio Chetu sekondari tunajua jinsi ilivyo vigumu kuandika juu ya ugonjwa bila kuwa bango la wizara. Kwa hiyo nampa heshima yeyote anayepita katikati ya bango na farasi.

Kuna swali lingine ambalo filamu haikulifanya kiini chake, nami naona ndilo lililostahili. Je, ilikuwa haki kumweka mtoto humo? Madaktari walijua hatari kabla hajazaliwa. Walitarajia tiba ije upesi, haikuja, na utafiti ukaendelea, na mtoto akakua akielewa kwamba yeye ni mtoto na pia ni jaribio. Kasisi wa hospitali, Raymond Lawrence, alikuwa miongoni mwa waliohoji. Hili lina mgogoro halisi, una pande mbili zenye haki: wazazi wanaompenda, madaktari wasio makatili, na kati yao kizimba ambacho kila aliyemo ndani ya chumba amekijenga kwa nia njema. Hakuna mwovu. Filamu ya mapenzi ya dirishani haina mahali pa kuliweka jambo kama hilo, kwa sababu inahitaji adui anayeweza kushindwa kwa kufungua mlango.

Mlango wa David ulifunguliwa hivi. Mwezi Oktoba 1983, baada ya njia mpya kupatikana ya kutumia uboho usiolingana kabisa, alipewa uboho wa Katherine. Ndani yake mlikuwa na virusi vya Epstein-Barr vilivyolala, ambavyo vipimo vya wakati ule havikuvionyesha. Mwezi Desemba aliugua kwa mara ya kwanza maishani. Tarehe 7 Februari 1984 alitolewa kizimbani ili atibiwe, na mama yake akamgusa ngozi kwa ngozi. Alifariki tarehe 22 Februari, ana miaka kumi na miwili. Uchunguzi ulionyesha mwili umejaa saratani iliyochochewa na virusi hivyo. Kwa hiyo alitoka nje kweli, kama Tod, na alikuwa nje kwa siku kumi na tano.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1993 watafiti waliitambua jeni inayosababisha aina hiyo ya ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa Paris waliripoti kuwatibu watoto kwa kurekebisha jeni hiyo, ingawa baadhi yao walipata saratani ya damu kwa sababu ya tiba yenyewe, na kazi ikabidi irudiwe upya. Jimbo la Wisconsin lilianza kupima watoto wachanga wote mwaka 2008, kwa tone la damu la kisigino, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yanapima. Mtoto akigundulika mapema anapewa uboho kabla hajaanza kuugua. Hakuna kiputo. Wakati huohuo jina la "mvulana wa kiputo" liliendelea na safari yake katika sanaa, likashuka kutoka machozi hadi kuwa kichekesho: mwaka 2001 Hollywood ilitoa komedi nzima iitwayo Bubble Boy. Sishangai. Machozi yasiyo na deni kwa mtu yeyote yanageuka kicheko kwa urahisi kabisa.

Nimeacha jambo moja makusudi, kwa sababu linaiharibu hoja yangu kidogo na sipendi kulificha. Mama wa Tod aliigizwa na Diana Hyland. Anacheza vizuri kuliko wote. Kuna namna anavyosimama nje ya plastiki, mikono imeshuka kana kwamba haijui kazi yake, ambayo haimo kwenye mswada wowote, huwezi kuiandika. Tarehe 27 Machi 1977, miezi minne na nusu baada ya filamu kuonyeshwa, alifariki kwa saratani ya matiti, ana miaka 41. Yeye na Travolta walikuwa wapenzi tangu walipokutana kwenye kazi hii. Mwezi Septemba mwaka huo alitunukiwa tuzo ya Emmy kwa uigizaji wa mama huyo, na Travolta ndiye aliyepanda jukwaani kuipokea kwa niaba yake.

Kwa hiyo wakati wa kuitazama, mtazameni mama. Mtoto atawachukulia macho, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, lakini tazameni pembeni ya picha. Kuna tukio ambalo wote wanaangalia kizimba na yeye pia anaangalia kizimba, ila hasogei. Mimi nimelirudia mara tano au sita na bado sijui nilielezeje kwa istilahi tulizo nazo. "Uhusika" halitoshi, na "uigizaji" ndio kabisa.

Filamu ninayo kwenye simu. Anayetaka kuitazama kabla ya semina ya Alhamisi aje nimpatie, ila asome kwanza habari za David.